Je, Wajua? Kisiwa Ambako Faini ya Kuua Mtu Ililipwa kwa Sukari

Barbados ni kisiwa kidogo, ukubwa wake kama robo ya Unguja. Kiko mashariki kabisa mwa Karibi, kimejitenga na visiwa vingine, na kwa kuwa pepo za Atlantiki huvuma kutoka huko mashariki, merikebu zilizotoka Ulaya au Afrika zilikifikia mapema. Hapo ndipo Waingereza walipojifunza kulima miwa kwa nguvu za watu walionunuliwa, na walichojifunza wakakipeleka Jamaica, Antigua na hata Carolina, Marekani. Mengi ya yafuatayo yametokea kisiwani humo. Mara nyingine tutapita kwa majirani zake, na mara moja tutafika Kilwa.

Je, wajua kwamba walimu wa kilimo waligeuzwa watumwa?

Tarehe 17 Februari 1627 meli iliyoitwa William and John ilitia nanga pwani ya magharibi, mahali panapoitwa sasa Holetown. Ilishusha walowezi 80 wa Kiingereza pamoja na Waafrika kama 10 waliotekwa njiani. Kisiwa hakikuwa na watu. Msitu ulianzia ufukweni ukapanda hadi vilimani, na walowezi hawakujua ni mmea gani wa chakula ungestawi katika joto lile.

Nahodha Henry Powell akaenda hadi pwani ya Guiana, Amerika ya Kusini, akarudi na mbegu, miche, na Waarawak 30 na kitu, wenyeji wa huko, waliokubali kuja kufundisha. Hao ndio waliowaonyesha Waingereza namna ya kupanda muhogo, kuukuna na kuukamua maji yenye sumu kabla ya kuoka mkate wake. Anayeujua muhogo mchungu anaelewa kwamba somo hilo ni la uhai na kifo. Waliahidiwa kwamba wakitaka kurudi kwao watarudishwa. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waarawak wale walipewa jembe wasiruhusiwe kulitua. Powell aliporudi kisiwani miaka mingi baadaye aliwakuta waliobaki, pamoja na watoto wao, wakishikiliwa kama watumwa, na yeye mwenyewe akaomba waachiwe.

Tajiri wa baadaye aliyeanzia pangoni

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja aliyeitwa James Drax aliishi kwanza pangoni na wenzake, wakila kasa na nguruwe mwitu huku wakifyeka msitu. Tumbaku waliyoilima ilikuwa duni, haikuweza kushindana na ya Virginia. Wakajaribu pamba, wakajaribu nili, bei zikaanguka. Mpaka kufikia 1640 Barbados ilikuwa nchi ya wakulima wadogo wa Kizungu, wengi wao maskini wenye madeni.

Je, wajua kwamba manamba wa kwanza wa Barbados walikuwa Waingereza na Wairishi?

Wazee wa Tanga na Morogoro wanalikumbuka neno manamba, watu waliosajiliwa kwa mkataba wakasafirishwa mbali kukata mkonge. Barbados nayo ilianza hivyo. Kijana asiye na nauli alitia saini mkataba, kwa kawaida wa miaka minne hadi saba, akavushwa bahari, na alipofika nahodha akamuuzia mwenye shamba mkataba wake. Waliokuja kwa hiari walichanganyika na waliotekwa nyara mitaani na wafungwa wa vita: Waskoti na Wairishi walioshindwa na jeshi la Kiingereza la Cromwell, na baadaye waasi wa 1685 waliomuunga mkono Mtawala wa Monmouth dhidi ya mfalme. Mmoja wa hao wa mwisho, tabibu Henry Pitman, alitoroka kwa mashua mwaka 1687, akaokoka baharini, akaandika kisa chake. Wapo wanaoamini kwamba Daniel Defoe alichota humo alipomtunga Robinson Crusoe.

Tunayajua mengi ya kipindi hiki kwa sababu ya Richard Ligon, Mwingereza aliyefilisika, aliyefika Barbados mwaka 1647 akiwa mtu mzima wa umri, akakaa hadi 1650. Kitabu chake kuhusu kisiwa hicho, kilichochapishwa 1657, alikiandika akiwa jela kwa sababu ya madeni. Ligon aliona watumishi wa mkataba wakipigwa fimbo mpaka damu inatoka. Wengine wakala njama ya kuwaua mabwana zao; siri ikavuja, na watu 18 wakanyongwa.

Ligon alifikia hata kusema kwamba watumishi hao waliteswa kuliko watumwa Waafrika, kwa kuwa bwana alikuwa nao kwa miaka michache tu na hakujali watakuwaje baadaye. Leo wapo wanaoishika kauli hiyo kudai kwamba Wairishi nao walikuwa watumwa sawasawa na Waafrika. Siyo kweli, na inafaa kusemwa wazi. Mateso yao yalikuwa makubwa, lakini mkataba ulikuwa na mwisho. Mtumishi aliweza kumshtaki bwana wake mahakamani. Zaidi ya yote, mtoto wake alizaliwa huru. Mtoto wa mwanamke Mwafrika alizaliwa akiwa mali ya mtu, na mjukuu wake vilevile.

Je, wajua kwamba ngamia walitembea Barbados?

Barabara hazikuwapo, ila vijia vyenye matope na visiki. Wenye mashamba wakaagiza ngamia ili wabebe sukari kuipeleka bandarini. Ligon anasema ngamia mzuri alibeba ratili 1,600, yaani zaidi ya kilo 700, lakini wengi walikufa kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua kuwalisha. Ramani iliyomo katika kitabu chake imechorwa ngamia.

Ekari 500 na bei iliyopaa

Mapema miaka ya 1640 James Drax alijifunza utengenezaji wa sukari kutoka Brazili, ambako Wareno walikuwa wameuendesha kwa miaka mingi na Waholanzi wakateka mikoa ya kaskazini-mashariki. Waholanzi waliwapa Waingereza mitambo kwa mkopo, soko la Amsterdam, na watumwa. Miaka michache ya mwanzo sukari iliharibika. Miwa ilikatwa kabla ya kukomaa na uchemshaji ukawa wa kubahatisha. Kisha wakaumudu.

Ligon anatoa mfano wa shamba moja la ekari 500. Kabla ya sukari lingeweza kununuliwa kwa pauni 400. Mwaka 1647 nusu yake tu iliuzwa kwa pauni 7,000. Mkulima mdogo aliyekuwa na ekari zake kumi hakuwa na chake tena hapo: kinu, nyumba ya kuchemshia, masufuria ya shaba na watumwa vilihitaji mtaji ambao maskini hana. Waliomaliza mikataba yao hawakukuta ardhi iliyobaki, wakahama. Sensa ya 1680 ilionyesha kwamba wamiliki wakubwa 175 walikuwa na zaidi ya nusu ya ardhi yote na zaidi ya nusu ya watumwa. Waafrika walikuwa wamekaribia 40,000, mara mbili ya Wazungu. Ule msitu ulioanzia ufukweni ulikuwa umeisha. Mvua ikaanza kusomba udongo mabondeni, na watumwa wakatumwa kuuzoa na kuurudisha vilimani kwa vikapu kichwani.

Je, wajua kwa nini kinu kiliwekewa shoka pembeni?

Muwa ukishakatwa hausubiri. Utamu wake huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo lazima usagwe upesi, na maji yake yachemshwe kabla hayajachacha. Sharti hili moja la mmea ndilo lililoleta zamu za usiku. Wakati wa mavuno, kuanzia Januari hadi kiangazi kiishe, kazi haikulala. Ligon aliandika kwamba nyumba ya kuchemshia ilianza saa saba ya usiku wa kuamkia Jumatatu na ikaendelea hadi Jumamosi usiku. Watu walibadilishana zamu, lakini aliyekesha kinuni alitazamiwa shambani kesho yake.

Kinu chenyewe kilikuwa na magogo matatu yaliyosimama wima, yamevishwa chuma, yakizungushwa na ng'ombe, farasi au upepo. Aliyelisha kinu, mara nyingi mwanamke, alisukuma miwa katikati ya magogo kwa mikono mitupu, na mwenzake upande wa pili akaipokea na kuirudisha. Usingizi wa sekunde moja ulitosha kidole kunaswa, na kidole kikinaswa mkono wote ulifuata, maana wanyama au upepo havisimami papo hapo. Ndiyo sababu ya shoka, au panga lililonolewa: aliye karibu aukate mkono kabla mwili wote haujavutwa. Watu wenye mkono mmoja walikuwa jambo la kawaida katika visiwa vya sukari. Walipewa kazi ya ulinzi.

Maji ya miwa yalitiririka hadi kwenye safu ya masufuria ya shaba, manne au matano, kuanzia kubwa hadi dogo, na lile dogo ndilo lililokuwa juu ya moto mkali zaidi. Mchemshaji aliengua povu, akatia chokaa kidogo ili uchafu ujitenge, akayahamisha maji kwa upawa kutoka sufuria moja hadi nyingine yakizidi kuwa mazito. Sukari ile iliyochemka hung'ang'ania ngozi kama gundi, haipanguswi. Kujua sekunde ya kuipua ulikuwa ujuzi mkubwa: ukiwahi, haigandi, ukichelewa, imeungua. Wachemshaji stadi walikuwa Waafrika, na faida ya mwaka mzima ilitegemea macho na vidole vyao.

Baada ya hapo sukari ilimwagwa katika vyungu vya udongo vyenye tundu chini, ikaachwa wiki kadhaa ijichuje. Iliyobaki ndani ilikuwa sukari ya kahawia. Iliyodondoka ilikuwa molasi, nayo ilichachushwa na kukenekwa kuwa ramu. Makapi ya miwa yalikaushwa yakawa kuni. Hakuna kilichotupwa.

Na mavuno yalipokwisha haikuja likizo. Kulikuwa na kuchimba mashimo ya kupandia, ya mraba, kama futi tano kila upande, kwa jembe la mkono, safu ya watu wakienda sambamba na nyapara nyuma yao akiwa na mjeledi. Kisha samadi, ikibebwa kichwani kwa vikapu vinavyochuruzika. Watoto wadogo walikuwa na kundi lao la kung'oa magugu, wakisimamiwa na bibi kizee mwenye fimbo. Mwishoni mwa karne ya 18, katika mashamba mengi ya Jamaica na Barbados, wengi waliokuwa katika kundi la kazi nzito kuliko zote walikuwa wanawake. Wanaume walichukuliwa kuwa maseremala, wahunzi, waendesha mikokoteni. Mwanamke alibaki na jembe.

Vyungu vya sukari vilifuga mbu

Mwaka 1647, mwaka ule ule aliofika Ligon, homa ya manjano ililipuka Barbados na kuua maelfu. Ligon anasema waliokuwa hai walikuwa wachache mno kuwazika waliokufa. Virusi na mbu wake vilikuja katika meli kutoka Afrika. Mbu huyo anapenda kutaga katika maji safi yaliyotuama kwenye vyombo, na kiwanda cha sukari kilikuwa na vyungu kwa mamia, vikikaa tupu nusu ya mwaka vikikinga mvua.

Aliyewahi kuugua homa hiyo utotoni akapona haugui tena. Waafrika wengi waliotoka katika nchi zenye homa hiyo walikuwa na kinga. Wazungu wapya hawakuwa nayo. Wenye mashamba wakaliona hilo, nalo likawa sababu mojawapo ya kuacha manamba na kununua watumwa. Karne moja na nusu baadaye homa hiyo hiyo iligeuka upande: mwaka 1802 lilipofika jeshi la Napoleon la kuwarudisha utumwani watu wa Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, maelfu kwa maelfu ya askari wake walikufa kwa homa ya manjano, pamoja na kamanda wao Leclerc. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru.

Je, wajua bei ya kumuua mtu?

Mwaka 1661 baraza la Barbados lilipitisha sheria kamili ya kuwatawala watumwa, ya kwanza ya aina yake katika makoloni ya Uingereza. Mtumwa aliyempiga Mkristo alichapwa viboko; akirudia, alipasuliwa pua na kuchomwa usoni. Bwana aliyemuua mtumwa wake akiwa anamwadhibu hakuwa na kosa lolote. Na ikithibitika kwamba amemuua kwa ukatili wa makusudi, bila sababu, alitozwa faini ya ratili 3,000 za sukari. Kwa kipimo chetu hizo ni kilo zipatazo 1,360.

Sukari ndiyo iliyokuwa fedha ya kisiwa. Faini, kodi na madeni vilihesabiwa kwa sukari. Kwa hiyo mtu aliyekufa akiitengeneza alilipiwa kwa ile aliyoitengeneza, na malipo yenyewe hayakwenda kwa mkewe wala mama yake, yalikwenda serikalini. Jamaica iliinakili sheria hiyo mwaka 1664, na Carolina ikafuata.

Shelisheli, samaki wa chumvi, na chakula cha kuhesabiwa

Ardhi iliyolima sukari haikulima chakula. Ligon anaeleza kwamba watumwa walipewa uji mzito wa mahindi, nao waliuchukia; walipendelea mahindi mabichi wayachome wenyewe kwenye makaa. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, nyama ilikwenda kwa watumishi wa Kizungu, na Waafrika wakapewa kichwa, ngozi na matumbo.

Baadaye vikaja vyakula vya kuagiza. Wavuvi wa Newfoundland na New England walichambua chewa wao waliokaushwa kwa chumvi: wazuri walikwenda Hispania na Ureno, wale waliovunjika au kuharibika, ambao Mzungu asingewala, waliuzwa Karibi kwa ajili ya watumwa. Vita vya uhuru wa Marekani vilipokata biashara hiyo, na vimbunga vikapiga mfululizo kuanzia ule mkubwa wa Oktoba 1780, Jamaica ilikumbwa na njaa. Baraza la kisiwa lenyewe lilikadiria kwamba watumwa 15,000 walikufa kwa njaa na maradhi yake katika miaka hiyo ya 1780.

Hapo ndipo wenye mashamba walipokumbuka mti wa Tahiti ambao sisi tunaujua vizuri Unguja na Pemba: mshelisheli. Ukiupanda, unazaa miaka mingi bila kulimiwa. Serikali ya Uingereza ikamtuma William Bligh na meli Bounty kuleta miche. Mabaharia wake waliasi Aprili 1789, wakamshusha katika mashua, wakaitupa miche baharini. Ulimwengu unaukumbuka uasi huo kwa filamu na vitabu, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba meli ile ilikuwa imetumwa kutafuta chakula rahisi cha watumwa. Safari ya pili ilifanikiwa, na mwaka 1793 mashelisheli yakafika St Vincent na Jamaica. Watumwa wakakataa kuyala kwa miaka mingi. Leo shelisheli la kuchoma ni chakula kinachopendwa sana Jamaica, na samaki wa chumvi, akipikwa na tunda la ackee lililotoka Afrika Magharibi, ndiye chakula cha taifa. Tunda hilo nalo kwa jina la kisayansi limepewa jina la Bligh.

Kuna upande mwingine wa chakula ambao mimi unanigusa zaidi. Jamaica ina milima, na watumwa waliachiwa vijishamba huko wajilishe siku za Jumapili. Kutoka humo walipata viazi vikuu, ndizi na mbogamboga za kula na za kuuza, wakaanzisha magulio ya Jumapili yaliyolisha mpaka miji ya Wazungu. Mwaka 1774 Edward Long, mwandishi aliyekuwa mtetezi mkali wa utumwa, alikadiria kwamba moja ya tano ya sarafu zote zilizozunguka Jamaica zilikuwa mikononi mwa watumwa. Watu ambao sheria iliwaita mali walikuwa na mali yao, waliyoichuma siku yao pekee ya kupumzika.

Je, wajua hesabu hii?

Jamaica iliingiza Waafrika zaidi ya milioni moja katika miaka yote ya biashara ya utumwa. Baadhi waliuzwa tena nje. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, waliohesabiwa hai walikuwa kama 311,000. Barbados iliingiza karibu nusu milioni. Waliohesabiwa walikuwa 83,000. Sasa linganisha na bara la Amerika Kaskazini: walioshushwa huko moja kwa moja kutoka Afrika hawakufika 400,000, na mwaka 1860 watumwa wa Marekani walikaribia milioni nne.

Utumwa wa pamba na tumbaku haukuwa wa huruma. Tofauti kubwa ilikuwa sukari. Kazi ya usiku, jembe la mashimo na lishe duni viliharibu mimba, na watoto waliozaliwa walikufa kwa pepopunda ya kitovu kabla ya siku ya tisa, wengi mno hata wazazi wakawa hawampi mtoto jina mpaka siku hiyo ipite. Wenye mashamba walilijua hilo. Wapo waliopiga hesabu wazi kwamba kumnunua mtu mzima aliyeletwa na meli ni rahisi kuliko kumlea mtoto hadi afike umri wa kazi. Kwa zaidi ya karne moja hesabu hiyo ndiyo iliyoendesha meli.

Huku Uingereza matumizi ya sukari kwa kila mtu yalipanda kutoka kama kilo mbili kwa mwaka mnamo 1700 hadi kilo nane mnamo 1800. Ilikuwa ya chai. Mwaka 1791 familia nyingi za Kiingereza ziliamua kuacha sukari ya Karibi kabisa. Thomas Clarkson alikadiria kwamba watu 300,000 walijiunga. Wengi walioongoza mgomo huo walikuwa wanawake, ambao hawakuwa na kura lakini walikuwa na ufunguo wa kabati.

Kutoka Kilwa na nchi ya Wamakua

Wengi wa waliopelekwa Karibi walitoka Afrika Magharibi na Kongo, lakini si wote. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa aliweka mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice: watu 1,000 kila mwaka, piastre 20 kwa kila mmoja, na zawadi ya piastre mbili kwa sultani kwa kila kichwa. Mkataba uliandikwa wa miaka 100. Waliochukuliwa walikwenda zaidi Mauritius na Réunion. Hata hivyo katika miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilianza kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikiwa na mateka wa pwani yetu, hasa Msumbiji, hadi Saint-Domingue. Matangazo ya watumwa waliotoroka katika magazeti ya koloni hilo yanawataja watu wa "Mozambique". Baadhi yao walikuwapo usiku wa Agosti 1791 watumwa walipoasi na mashamba ya miwa yakaanza kuteketea.

Cuba nako, ambako utumwa uliendelea hadi 1886, watu wa pwani hiyo waliwekwa katika kundi lililoitwa Macuá. Ni Wamakua, watu wa Msumbiji ya kaskazini na wa kusini mwa Tanzania ya leo.

Mifupa ya Newton

Katika shamba la Newton, Barbados, kuna makaburi ya watumwa yanayokadiriwa kuwa na watu 570. Yalichimbwa kitaalamu miaka ya 1970. Meno ya waliozikwa yalionyesha mistari ya njaa ya utotoni, na mifupa yao ilikutwa na risasi nyingi kupita kiasi, ile metali ya sumu, ambayo watafiti waliihusisha na ramu iliyokenekwa kwa vyombo na mabomba ya risasi. Mzee mmoja alizikwa na mkufu: meno ya mbwa yaliyotobolewa, pingili za samaki, shanga za kioo, ushanga mwekundu wa akiki, na kauri. Kauri za aina hiyo haziishi Atlantiki, zinatoka Bahari ya Hindi. Watafiti wanadhani alikuwa mganga. Jina lake halikuandikwa popote.

Jina la Macow liliandikwa. Alikuwa mlinzi wa migomba katika shamba alilokaa Ligon, naye siku moja Ligon alimkuta ameketi chini akichonga vipande vya mbao na kuvipanga kwa sauti zake, akitengeneza marimba kwa kumbukumbu ya kwao.

Je, wajua kwamba kanisa lilipiga watu chapa?

Christopher Codrington, tajiri wa Barbados, alifariki mwaka 1710 akaacha mashamba yake mawili ya miwa, pamoja na watumwa 300, kwa shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lililojulikana kama SPG. Shirika likayaendesha. Katika miaka ya mwanzo watumwa wake walichomwa chapa kifuani yenye neno SOCIETY, ili ijulikane mwenye mali ni nani.

Zanzibar, wamisionari wengine wa Kianglikana, UMCA, walianza mwaka 1873 kujenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, chini ya Edward Steere, baadaye askofu, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili. Mwaka 1965 UMCA na SPG ziliungana zikawa shirika moja, USPG. Mwaka 2006 sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa kushiriki utumwa, na Codrington ikatajwa. Mwaka 2023 USPG ilitangaza mradi wa pauni milioni saba huko Barbados, wa kulipa sehemu ya deni hilo.

Je, wajua aliyelipwa fidia?

Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa lilitenga pauni milioni 20, sawa na asilimia 40 ya matumizi ya serikali ya mwaka mzima. Zilikwenda kwa wamiliki. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015, maana yake ni kwamba Mjamaika aliyehamia London na kulipa kodi huko alichangia fidia ya aliyemmiliki babu yake. Watumwa hawakupata senti. Waliongezewa miaka minne ya kufanya kazi bila malipo kwa jina la uanagenzi, hadi 1838.

Miongoni mwa waliolipwa alikuwa mmiliki wa Drax Hall, shamba lililoanzishwa na yule kijana wa pangoni: pauni 4,293, kwa ajili ya watu 189. Nyumba ya shamba hilo, iliyojengwa katika miaka ya 1650, bado imesimama, miwa bado inalimwa, na familia ni ile ile. Mwaka 2024 serikali ya Barbados, sasa jamhuri, ilipanga kununua sehemu ya ardhi hiyo kwa bei ya soko ili kujenga nyumba za wananchi. Wananchi wakauliza kwa nini wao ndio walipe, na ununuzi ukasitishwa.